Rauta ya Pili: Nilivyosaka Geti la Uongo Kawangware

Mwisho wa Juni saiba za Kawangware, vile vibanda vya intaneti, hujaa pomoni. Tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi za KRA, na kila mtu anakuja na PIN yake na nywila aliyoiandika nyuma ya risiti. Tarehe 28, saa nne asubuhi, nikapigiwa simu na mama mwenye saiba karibu na steji ya 56. Ana kompyuta kumi. Tatu zilikuwa hazioni intaneti. "Na jana zilikuwa tatu zingine, fundi," akaniambia. "Hii ni virusi inatembea."

Hayo maneno ndiyo yaliyonifanya nipande boda pale Makina, Kibera, na kuacha chai mezani. Kompyuta mbovu hukaa mbovu palepale ilipo. Ugonjwa ukianza kuhama kutoka meza hadi meza, jua kwamba hauko kwenye kompyuta. Tukashika Ngong Road hadi Dagoretti Corner, tukaingia Naivasha Road, na njiani nikawa najua tayari kwamba kuna mtu anayegawa anwani asizotumwa kugawa. Sikujua ni nani.

Nitaeleza hatua nilizofuata, ili ikikupata usimlipe mtu bure kama mama alivyokuwa amelipa. Siku mbili kabla yangu alikuja fundi mwingine, akafuta kompyuta mbili na kuzipandisha Windows upya, shilingi 1500 kila moja. Zikafanya kazi jioni ile, asubuhi zikalala tena. Jambo hilo liliniuma na bado linaniuma. Kufuta mashine ya mtu bila kusoma mistari minne ya amri ya `ipconfig` ni kumwibia.

Kubana waya na mpangilio wa rangi zake sitaeleza, hayo utayapata popote. Nitasema moja tu kuhusu waya kwa sababu nimechoka kuirekebisha: ukinunua kebo Luthuli Avenue, chukua wembe ukwangue uzi mmoja kabla ya kutoa pesa. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa. Muuzaji atakuapia kwamba ni shaba tupu. Mrudishie. Waya ule ukibeba umeme wa kulisha antena ya paani utakuangusha mvua ya kwanza ikinyesha, na ukiukunja mara mbili tatu unakatikia ndani ambapo huoni.

Hatua ya kwanza, basi: jiulize kompyuta inatuma data kwa nani.

Wengi huruka hapa kwa sababu hawajui data inavyosafiri, na mimi nililielewa kwa kuwaelekeza wageni kwangu Kibera. Nyumba zetu hazina namba. Mgeni namwambia ashuke Makina, aulize penye kuuzwa makaa. Mwenye makaa hanijui jina, lakini anajua njia ya kwenda kwa mama wa mandazi. Mama wa mandazi ndiye anayeujua mlango wangu. Hakuna kati yao mwenye ramani nzima, kila mmoja anajua anayefuata, na mgeni anafika. Rauta nazo hufanya hivyohivyo. Ukurasa unaoomba au ritani unayotuma hukatwa vipande, ndivyo pakiti, kila kipande kwa kawaida hakizidi baiti 1500, na kila kimoja kimeandikwa anwani ya kinakotoka na ya kinakokwenda. Rauta husoma anwani ya kwenda, hutazama jedwali lake, na kukisukuma kwa jirani aliye upande huo. Ili kipande kisizunguke milele kwa watu wanaoelekezana vibaya, hupewa hesabu mwanzoni, aghalabu 64 au 128, na kila rauta hupunguza moja. Ikifika sufuri kinatupwa, na aliyekitupa humwarifu mwenyewe.

Mtu wa kwanza wa kuulizwa, yule mwenye makaa, ndiye wataalamu humwita getiwei. Mimi husema geti, kwa sababu ni kama geti la ploti: hakuna kinachotoka nje bila kulipitia. Na kompyuta haizaliwi ikilijua geti lake. Ikiwashwa hupaza sauti kwenye waya: nani atanipa anwani? Kwenye mtandao mzuri kuna mmoja tu wa kujibu, ile rauta kuu, na utaratibu huo unaitwa DHCP. Huipa kompyuta anwani na kuiambia, "geti lako ni mimi." Wakijibu wawili, kompyuta kwa kawaida humchukua aliyewahi. Haiulizi kitambulisho. Humwamini wa kwanza kusema.

Nilipofika nikakaa kwenye kompyuta namba saba, mgonjwa wa siku hiyo, nikaandika `ipconfig /all`. Geti: 192.168.0.1. Nikahamia namba mbili, nzima. Geti: 192.168.1.1. Mama alikuwa na rauta moja tu pale juu ya kabati, na niliifunga mimi mwenyewe, ni 192.168.1.1.

Anwani zinazoanza na 192.168 hazitoki nje ya mtandao wa ndani. Pamoja na zile za 10 na zile za 172.16 hadi 172.31, zilitengwa miaka ya 1990 kwa matumizi ya ndani, ndiyo maana saiba mia za Nairobi zinaweza kuwa na 192.168.1.1 zote na zisigongane. Rauta ndiyo inayobadilisha anwani ya ndani kuwa ya nje pakiti zinapotoka. Kwa hiyo 192.168.0.1 haikuwa mbali. Ilikuwa karibu kiasi cha kuguswa. Nikaifungua kwenye kivinjari, ukanijia ukurasa wa kuomba nywila wa rauta ambayo mama aliapa hajawahi kuinunua.

Kompyuta zilizopewa geti hilo zilikuwa zikituma kila kitu kwa mlinzi wa geti lisilo na barabara nyuma yake. Pakiti zinafika, zinakufa. Na kwa kuwa kila kuwasha upya ni kupaza sauti upya, leo namba saba inamwangukia mwongo, kesho namba tatu. Ndiyo virusi iliyokuwa ikitembea.

Sasa hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu ndipo mafundi wengi hupotea. Ukishajua kuna rauta ya pili, utaipataje? Swichi ya mama, kile kisanduku kinachokutanisha nyaya zote, ina matundu 16, si ile ya kisasa unayoingia na kuiuliza nani yuko tundu gani. Nyaya zimepakwa vumbi, zote za kijivu, nyingine zinapenya dari. Mtu akitaka kupima mtandao hupiga ping, yaani hodi, kwa Google, tena na tena, akingoja ipone. Mimi nilifanya kinyume. Nikampiga ping adui.

Laptopu yangu nikaichomeka kwenye tundu la mwisho la swichi, nikaiwekea anwani kwa mkono, 192.168.0.77, ili iwe upande wa mwongo bila kutegemea bahati. Kisha nikaandika `ping -t 192.168.0.1`. Akajibu. Akaendelea kujibu, mstari baada ya mstari, TTL=64. TTL ndiyo ile hesabu ya kipande, na 64 ni habari kubwa: haijapunguzwa hata moja, maana yake hakuna rauta kati yangu naye. Tuko waya mmoja. Kisha `arp -a` ikanionyesha namba yake ya MAC, na jozi tatu za kwanza za namba hiyo ni za kiwanda, zimesajiliwa. Ukizitafuta kwa simu unapata jina la mtengenezaji. Lilikuwa tofauti na la rauta ya mama, kwa hiyo sikuwa naifuata ileile kwa jina lingine.

Halafu nikaanza kuchomoa. Waya mmoja, hesabu hadi tano, tazama skrini, rudisha. Ule wa pili. Ule wa tatu. Usiharakishe hapa, ukichomoa mbili kwa pamoja utarudi mwanzo, na usipohesabu hadi tano unaweza kudhani jibu moja lililochelewa ndilo kifo chake. Wateja walikuwa wananiangalia kwa hasira, kila waya ninaochomoa mtu mmoja anapiga kelele ritani yake imekwama, na mama anawaambia, "Vumilieni, watoto wangu, fundi anatafuta nyoka." Waya wa nne, wa tano, wa sita. Mwongo anajibu. Wa kumi, anajibu. Wa kumi na moja: skrini ikanyamaza. Request timed out. Request timed out. Nikaurudisha, akaanza kujibu. Nikauchomoa tena, akanyamaza. Nilipiga meza kwa kiganja.

Waya namba kumi na moja ulipanda darini, ukapenya mabati, ukatokea upande wa pili kwa kinyozi. Mama alikuwa amemgawia intaneti, nusu ya bili kila mmoja, mpango mzuri kabisa. Kinyozi akaenda kununua rauta ya mtumba ili wateja wake wapate waifai wakingoja zamu. "Jamaa aliniuzia akasema matundu yote ni sawa, fundi, chomeka popote," akanieleza, na mashine ya kunyolea bado inanguruma mkononi.

Matundu si sawa! Yule muuzaji, popote alipo, alimgharimu mama siku tatu za msimu na shilingi 3000 za kufuta kompyuta. Kwenye rauta nyingi lipo tundu moja la peke yake, mara nyingi la buluu, limeandikwa WAN: hilo ndilo la kupokea intaneti. Yale manne, mara nyingi ya njano, ni ya kugawa. Kinyozi aliuchomeka waya wa mama kwenye njano, kwa hiyo rauta yake ikaona saiba nzima kama watoto wake na kuanza kuwagawia anwani.

Nikauhamishia buluu. Basi. Sekunde tatu. Ndani kwa kinyozi anwani zikabaki 192.168.0, kwa mama 192.168.1, hazigongani, na kila mmoja akawa na geti lake. Njia nyingine ni kuuacha kwenye njano, uzime DHCP na kuipa rauta anwani ambayo haina mwenyewe, kama 192.168.1.2, igeuke kuwa mnara wa waifai tu. Kwa kinyozi sikutaka, maana wateja wake wangechota anwani kutoka kwa mama.

Hatua zilizobaki ni fupi. Ukiwa na pesa, nunua rauta inayopiga kengele ikiona mgawaji mwingine wa DHCP. MikroTik wanacho kipengele hicho na ndiyo sababu nawapenda, hata kama menyu zao zinahitaji subira. Swichi ya kusimamiwa inaweza kumziba mwongo mdomo kabisa. Na ukiona geti ni sahihi lakini kurasa hazifunguki, piga `tracert`, inayotumia ile hesabu ya TTL kutaja kila rauta njiani, uone safari inakatikia wapi.

Hiyo tracert iliniokoa Mei 2024. Jumapili ya tarehe 12 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikawa inatambaa. Mteja wangu Kibera alikuwa tayari anafungua pochi anunue rauta mpya. Nikamwonyesha: hatua za kwanza zinajibu upesi, hatua za ndani ya Kenya zinajibu, kisha nyota tupu tangu tunapotoka nchini. Akarudisha pesa mfukoni.

Na hilo la ndani ya Kenya namtajia kila kijana ninayemfundisha. Kutoka Makina hadi Kawangware ni kilomita chache, lakini zamani barua pepe kati ya kampuni mbili za intaneti za hapa Nairobi ilipanda setilaiti, ikaenda ng'ambo, ikarudi. Kituo cha kubadilishana data, KIXP, kilifunguliwa Novemba 2000, kikafungwa ndani ya wiki chache baada ya Telkom Kenya kulalamika kwa mdhibiti, kikafunguliwa tena Februari 2002. Waliokipigania walitutoa mbali. Leo mtandao wa jamii kama TunapandaNET unaunganisha shule na vituo vya vijana Kibera kwa antena za paani, na somo lililo kwenye seva ya huko halihitaji hata kutoka mtaani.

Kwa mama siku ile kompyuta zote kumi zilikuwa hewani kabla ya adhuhuri. Akanilipa, akanipa na soda. Nikarudi kwa kinyozi na kalamu ya wino mzito, nikaandika juu ya rauta yake: WAYA WA MAMA NI HAPA, na mshale kuelekea tundu la buluu. Nilipita kunyolewa juzi. Ameihamisha meza, amebadilisha vioo, mshale bado upo na waya uko palepale.