Lugha ya njia ya majini: kueleza mabonde, makorongo na maporomoko kwa Kiswahili sanifu

Utangulizi

Mwanafunzi wa lugha anayeombwa kutafsiri maelezo ya njia, kuandika kibao cha hifadhi au kuwaongoza wageni kwa Kiswahili huona haraka kwamba msamiati wa darasani haumtoshi. Njia inayofuata kijito msituni hadi kwenye maporomoko ina sehemu nyingi, na kila sehemu inadai neno lake. Zaidi ya hayo, hapa kosa la lugha haliishii kwenye alama za mtihani. Korongo la Ol Njorowa, katika hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha nchini Kenya, ni jembamba na kuta zake ni ndefu. Mwezi wa Septemba 2019 maji ya ghafla yaliua watu 7 waliokuwa wakitembea humo, na mwaka 2012 kundi la vijana wa kanisa lilikuwa limekumbwa na janga la namna hiyo hiyo. Mahali kama hapo, anayetoa onyo lazima aeleweke mara moja.

Makala hii inachunguza mambo manne: majina, pande, mahali na nyakati. Mifano mingi inatoka kwetu Kongo.

1. Majina yatokanayo na vitenzi

Majina mengi ya njia hizi yamezaliwa na vitenzi vya mwendo, kwa kiambishi tamati -o. Kutokana na teremka tunapata mteremko. Inuka inatoa mwinuko. Vuka inatoa kivuko. Furika inatoa mafuriko. Poromoka inatoa maporomoko. Anayekijua kitenzi anaweza kukisia jina hata kama hajawahi kulisikia.

Neno maporomoko linastahili uangalifu. Kuporomoka ni kuanguka kwa wingi na kwa nguvu kutoka juu, na kitenzi hakisemi ni nini kinachoanguka. Ndiyo maana tuna maporomoko ya maji na pia maporomoko ya ardhi. Kibao kinachosema tu «Maporomoko, mita 500» kinaweza kumwalika mtu kutazama au kumwonya akimbie. Mwandishi mwangalifu hukamilisha: maporomoko ya maji.

Tena, Kifaransa hutenganisha chute na rapide, lakini Kiswahili huweka yote mawili katika neno moja. Mto Lofoi, katika Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu, Katanga, unaanguka kutoka ukingo wa uwanda wa juu kwa zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja. Boyoma, karibu na Kisangani, ni mfululizo wa maporomoko saba katika mwendo wa kilomita zipatazo 100, na jumla ya kushuka kwake ni mita 60 hivi. Yote mawili tunayaita maporomoko. Kwa hiyo jina pekee halitoshi. Kitenzi kiongezwe: «maji yanaanguka wima kutoka jabalini» kwa Lofoi, «mto unashuka kwa ngazi katikati ya miamba» kwa Boyoma.

Neno korongo nalo lina pacha. Korongo ni bonde jembamba lililochimbwa na maji, na pia ni ndege mwenye miguu mirefu. Upatanisho ndio unaoyatenganisha: korongo hili ni refu, korongo huyu ameruka. Mwisho, tusidharau maneno ya lugha jirani. Katika Katanga, msitu mzito unaoota mahali penye maji, kando ya vijito, huitwa mushitu. Kiswahili sanifu hakina neno moja linalobeba maana hiyo yote. Kulitumia neno hilo pamoja na ufafanuzi mfupi ni bora kuliko kuandika «msitu» peke yake.

2. Juu ni wapi?

Ndani ya bonde la mto, neno juu lina maana tatu: kuelekea chanzo cha mto, kupanda ubavu wa bonde, au kuwa kileleni mwa jabali. Kiongozi akipiga kelele «Nendeni juu!» wakati maji yanafurika, msikilizaji anaweza kufuata mto kuelekea chanzo, yaani kuyakabili maji yenyewe. Amri iliyo wazi hutaja kitu kinachopandwa: «Pandeni ubavuni!» au «Kweeni mwamba!». Kwa mwelekeo wa mto tuseme: kuelekea chanzo, au kufuata mkondo.

Kulia na kushoto vina mtego wao. Wanajiografia huita ukingo wa kulia ule ulio kuliani kwa mtu anayetazama maji yanakoelekea. Mtembezi anayepanda kuelekea maporomoko anautazama mto kinyume, hivyo ukingo huo uko kushoto kwake. Mfasiri wa ramani au kitabu cha njia aseme amechagua kipimo kipi, kisha asikibadilishe.

3. Mahali: iko, ipo, imo

Hapa ndipo sisi Wakongomani tunapojikwaa kwa sababu inayoeleweka. Kiswahili sanifu kina kiambishi kimoja cha mahali, -ni, na tofauti ya aina za mahali huonekana katika upatanisho:

Kambi iko bondeni: kule, eneo kwa jumla.
Kambi ipo bondeni: hapo hasa, mahali dhahiri.
Kambi imo bondeni: ndani yake.

Katika Kiswahili cha Lubumbashi tofauti hiyo haikupotea. Imehamia mbele ya jina: iko ku bonde, iko pa bonde, iko mu bonde. Kitenzi kinabaki iko, na ku, pa, mu ndivyo vinavyobeba maana. Mwanafunzi anapojaribu kusanifisha usemi wake, huondoa ku, pa na mu, huweka -ni, lakini huacha iko kama ilivyo. Matokeo yake ni «iko bondeni» kwa kila hali. Sarufi ni sahihi, lakini habari muhimu imedondoka njiani: je, hema limesimama kandokando ya bonde au ndani, maji yanakopita?

Kwa hiyo usemi wa nyumbani tuutumie kama msaada, tusiuone kama adui. Kabla ya kuandika sentensi sanifu, mwanafunzi ajiulize: kwetu ningesema ku, pa au mu? Akipata mu, aandike imo, humo, mna, mwake. Akipata pa, aandike ipo, hapo, pana, pake. Akipata ku, aandike iko, huko, kuna, kwake.

4. Nyakati: inanyesha au imenyesha?

Katika korongo, hatari huweza kutoka mbali. Mvua hunyesha kwenye chanzo, maji hukusanyika katika vijito vingi, kisha huingia kwenye njia moja nyembamba na kupanda haraka, huku mbingu juu ya watembezi ikiwa nyeupe. Swali «Mvua inanyesha?» hujibiwa kwa kutazama juu, na jibu lake haliwasaidii. Swali linalofaa lina -me-: «Mvua imenyesha huko kwenye chanzo?» Kiambishi -me- kinataja tendo lililokwisha ambalo matokeo yake yangali yapo, na matokeo hayo ndiyo maji yanayokuja.

Onyo la sharti hutumia -ki-: «Maji yakigeuka rangi ya udongo, tokeni humo.» Na kauli ya kutendeka hutoa taarifa fupi inayotosha kibao: «Mto hauvukiki», «Njia haipitiki wakati wa mvua». Tulinganishe na «Usivuke»: hiyo ni amri isiyotoa sababu, na mtu mwenye haraka huidharau. «Hauvukiki» inaeleza hali ya mto wenyewe. Kibao kizuri kina yote mawili: «Mto hauvukiki. Usivuke.»

Mazoezi

1. Unda majina kutokana na vitenzi hivi, kisha taja ngeli zake: teleza, pinda, kwea, chimbuka.
2. Sahihisha onyo hili ili lisiwe na maana mbili: «Maporomoko mbele. Pita juu.»
3. Andika kwa Kiswahili sanifu bila kupoteza maana ya mahali: «Batu beko mu muto», «Batu beko pa muto», «Batu beko ku muto».
4. Eleza kwa sentensi sita njia ya kijito unachokijua, kutoka kivuko hadi chanzo, bila kutumia neno juu hata mara moja.

Hitimisho

Tumeona kwamba Kiswahili kina vifaa vya kutosha kueleza njia ya majini kwa usahihi: uundaji wa majina, upatanisho wa mahali, viambishi vya wakati na kauli za vitenzi. Kinachokosekana mara nyingi ni mazoea ya kuvitumia. Hifadhi zetu zitahitaji vibao, ramani na viongozi wanaozungumza na wananchi kwa lugha wanayoielewa. Kazi hiyo ni ya vitivo vya lugha, na mwanafunzi anayetofautisha imo na ipo ameshaianza.