Jinsi Saratani ya Titi Inavyoenea

Wenzangu wengi huuliza: uvimbe ulioanza katika titi hufikaje mifupani au mapafuni? Nitajaribu kueleza kwa ufupi.

Kila seli ya mwili huhitaji oksijeni iletwayo na damu. Seli za saratani huzaana upesi mno, hata mishipa ya damu haiwezi kuzitosheleza zote. Zile zilizo ndani ya uvimbe hukosa oksijeni, na baadhi hufa. Nyingine huamsha protini iitwayo HIF. Protini hii si adui: hutusaidia hata sisi tupandapo milima mirefu yenye hewa hafifu. Lakini katika uvimbe huchochea mishipa mipya ichipue, tena huzisaidia seli kuachana na wenzao na kupenya katika damu. Basi njia iletayo chakula huwa pia njia ya kutorokea. Seli hizo huweza kutua katika mifupa, mapafu, ini au ubongo, zikaanzisha uvimbe mwingine.

Mwaka 2019 Gregg Semenza na William Kaelin wa Marekani, pamoja na Peter Ratcliffe wa Uingereza, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua jinsi seli zinavyotambua kiasi cha oksijeni na kujirekebisha.

Fundisho ni hili: saratani ikitibiwa kabla haijaenea, tumaini la kupona ni kubwa zaidi. Wazazi wetu, mkiona uvimbe au badiliko lolote katika titi, msingoje maumivu, maana mara nyingi mwanzoni hauumi. Nendeni hospitali mapema.