Karani wa Nyumba ya Vitabu

Mwanafunzi akifungua kitabu huona jina la mtungaji, na jina la nyumba iliyokitoa, na pengine jina la mchora picha. Jina la karani halioni, wala halitafuti. Lakini kitabu hakifiki darasani pasipo kupita mikononi mwake, tena si mara moja.

Nyumba ya vitabu si sawa na kiwanda cha kupiga chapa. Mpiga chapa hutia maneno katika karatasi na kuzishona. Nyumba ya vitabu ndiyo ipokeayo mswada, ikaukubali au ikaukataa, ikapatana na mtungaji juu ya malipo, ikamtafuta mpiga chapa, kisha ikauza. Ndani yake wamo wahariri, wachora picha, wauzaji na watunza fedha, na katikati yao yupo karani. Yeye hatungi, wala hasahihishi lugha. Kazi yake ni kuandika, kuhifadhi, kukumbusha na kupeleka, ili kila mmoja wa hao apate kutimiza kazi yake.

Kazi yake ya kwanza ni kupokea. Mswada ukifika, huuandika daftarini: siku uliyofika, jina la mwenyewe, na idadi ya kurasa. Siku hizi daftari hilo mara nyingi limo katika kompyuta, lakini kazi ni ile ile. Kisha humwandikia mtungaji kumjulisha kwamba umefika salama. Mhariri akiuchukua, karani huandika jina lake na siku. Akiurudisha, huandika tena. Asiyejua kazi hii aweza kuidhani ni usumbufu mtupu. Basi na asikie habari za Thomas Carlyle.

Carlyle alikuwa Mskochi aliyekaa London. Mwaka 1835 alikuwa amekwisha kuandika kwa mkono sehemu ya kwanza ya kitabu chake juu ya mapinduzi ya Ufaransa. Akamwazima rafiki yake, John Stuart Mill, apate kuisoma. Ilipokuwa mikononi mwa Mill, mtumishi aliidhani kuwa ni karatasi za kutupwa, ikachomwa moto. Nakala ya pili haikuwako. Mill alimpa Carlyle paundi 100, lakini fedha haikuweza kurudisha hata ukurasa mmoja. Carlyle akakaa, akaanza upya tangu neno la kwanza, na kitabu kikatoka mwaka 1837. Kwa sababu hiyo karani mwema hauachi mswada utoke mlangoni kabla ya nakala yake kuwekwa mahali pa salama.

Kazi ya pili ni ya namba. Nyuma ya kitabu huandikwa herufi ISBN pamoja na tarakimu. Utaratibu huu wa mataifa ulikubaliwa mwaka 1970, nazo tarakimu zilikuwa 10. Tangu tarehe 1 Januari 2007 ni 13. Namba ikianza na 978-9966, kitabu ni cha Kenya. 978-9970 ni Uganda. 978-9976 na 978-9987 ni Tanzania. Tarakimu ya mwisho ni mlinzi wa zile 12 zilizotangulia. Ya kwanza huzidishwa kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, vivyo hivyo hata mwisho, kisha hujumlishwa. Ya 13 huchaguliwa ili jumla yote igawanyike kwa 10 bila kubaki kitu. Karani akikosea tarakimu moja, hesabu hukataa.

Hata hivyo, mlinzi huyo hawezi yote. Tuseme shule imeagiza vitabu 40 vya darasa la sita, na karani amenakili namba ya kitabu cha darasa la tano. Namba ni kamili, na hesabu inakubali. Gari litasafiri siku mbili, sanduku litafunguliwa mbele ya watoto, nao watakuta vitabu walivyovimaliza mwaka uliopita. Kwa hiyo yampasa karani asome jina la kitabu pamoja na namba, kila mara, hata akiwa amechoka.

Kazi ya tatu ni kulinda haki. Mkataba hutaja mrabaha, yaani fungu la mtungaji katika kila kitabu kinachouzwa. Ikiwa mapatano ni 10 kwa mia, na bei ya kitabu ni shilingi 5,000, fungu lake ni shilingi 500. Vikiuzwa vitabu 2,000, mtungaji hustahili shilingi 1,000,000. Sasa karani akisahau kuandika vitabu 200 tu, shilingi 100,000 zimempotea mtungaji. Naye yuko mbali, pengine kijijini, wala halioni daftari. Hatalalamika, maana hatajua. Mwivi huiba kwa makusudi, na mvivu hupoteza kwa kusahau. Lakini kwa yule mwenye haki hasara ni moja.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mali ya nyumba ya vitabu ni kazi ya miaka ya watu wengine, nayo imewekwa mikononi mwa mtu ambaye jina lake haliandikwi jaladani.

MAZOEZI

1. Nyumba ya vitabu na kiwanda cha kupiga chapa vyatofautianaje?
2. Karani angefanya nini ili msiba uliompata Carlyle usitokee?
3. Chukua kitabu chenye ISBN ya tarakimu 13. Fanya hesabu iliyoelezwa, uone kama jumla yagawanyika kwa 10.
4. Kwa nini kosa lisiloonekana na mwenye haki lahitaji uaminifu mkubwa zaidi?