Mashine haioni dhahabu

SWALI: Nina leseni ndogo ya uchimbaji Geita. Jamaa mmoja anataka kupima eneo langu kwa mashine, anasema itaonyesha dhahabu ilipo kabla sijachimba duara. Nimlipe?

JIBU: Kwa ahadi hiyo, usimlipe. Hakuna mashine ya juu ya ardhi inayoona gramu chache za dhahabu ndani ya tani ya mwamba. Mashine hupima majirani wa dhahabu. Huko Geita dhahabu nyingi imekaa ndani au kandokando ya miamba ya matabaka ya chuma, na chuma hicho kina usumaku. Mpimaji hutembea mstari kwa mstari na kipima usumaku, akifuatilia mwamba huo unapopita, unapopinda na unapokatika; kwenye mikunjo na mikato ndipo pa kuanzia. Mwangalie lakini: akipima huku ana simu mfukoni na mkanda wenye bizimu ya chuma, vipimo vyake havifai.

Kipimo kingine ni cha umeme. Vigingi vya chuma hupigiliwa ardhini, pakiwa pakavu humwagiwa maji ya chumvi, umeme hupitishwa kisha hukatwa. Penye pairaiti, ambayo mara nyingi huandamana na dhahabu, chaji haipotei papo hapo, hufifia polepole. Tatizo, hata grafaiti hufanya vivyo hivyo, na ukichoronga hapo unatoka na vumbi jeusi.

Anza na ramani za Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), Dodoma. Halafu muulize jamaa yako kama atakukabidhi namba zote alizopima, au picha ya rangirangi tu.