SOMO: UTUNZAJI WA MAIKROKODI KATIKA KOMPYUTA ZA ULINZI WA MTANDAO

Watumishi wa Serikali wanaosimamia kompyuta, pamoja na wananchi wanaotumia intaneti katika shughuli zao, wanaletewa somo hili ili walisome na kulizingatia.

Ukutamoto ni kompyuta inayokaa mlangoni mwa mtandao wa ofisi na kuchagua mawasiliano yanayoruhusiwa kuingia na kutoka. Miongoni mwa programu huria zinazofanya kazi hiyo ni OPNsense, iliyoanza mwaka 2015 na kujengwa juu ya mfumo wa FreeBSD.

Maikrokodi ni maagizo madogo yaliyomo ndani ya prosesa, yanayoiongoza kutekeleza amri inazopewa. Mwaka 1994 prosesa ya Pentium iligunduliwa kuwa na kosa katika kugawanya hesabu, na kampuni ya Intel ikalazimika kubadilisha prosesa zenyewe. Tangu Pentium Pro ya mwaka 1995, makosa mengi yamewezekana kusahihishwa kwa kupakia maikrokodi mpya.

Ieleweke kwamba masahihisho hayo hayadumu ndani ya prosesa. Umeme ukizimwa hupotea, na hupakiwa upya kila kompyuta inapowashwa, ama na BIOS ama na mfumo wa uendeshaji. Kwa hiyo kuweka faili katika diski si mwisho wa kazi. Kazi hukamilika baada ya kuwasha upya na kuhakikisha.

Januari 3, 2018, kasoro za Spectre na Meltdown zilitangazwa duniani. Intel ilitoa maikrokodi kwa haraka, lakini Januari 22 iliwataka watengenezaji wasimamishe kuisambaza, kwa kuwa baadhi ya kompyuta zilikuwa zikijizima na kujiwasha ovyo. Ndiyo maana wahenga wametuachia methali mbili: haraka haraka haina baraka, na ngojangoja huumiza matumbo. Msimamizi hana budi kuzishika zote mbili.

Ugumu huzidi ofisi inapokuwa mbali. Tuchukue mfano wa ofisi iliyoko Tabora, ambayo fundi wake anaishi pwani, zaidi ya kilometa 800 kwa reli. Akiwasha upya ukutamoto kwa njia ya mtandao nao usiamke, amejifungia mlango mwenyewe, na ofisi nzima imekatika. Njia ya kale ya misafara ina funzo lake hapa. Machi 1872 Livingstone aliagana na Stanley, akabaki Kwihara, karibu na Tabora, akingojea wapagazi. Stanley alimpelekea watu 57 kutoka Unguja, nao wakafika Agosti. Anayetegemea msaada wa pwani hana budi kujiandaa kabla haja haijafika. Hali ni hiyo hiyo kwa ofisi ya Pemba inayohudumiwa kutoka Unguja.

Utaratibu unaofaa ni huu:

1. Tambua aina ya prosesa. OPNsense ina programu jalizi mbili: os-cpu-microcode-intel na os-cpu-microcode-amd. Weka ile inayohusika tu.

2. Ikiwa ukutamoto ni mashine pepe, maikrokodi hupakiwa katika kompyuta inayoibeba, si ndani ya ukutamoto.

3. Hifadhi nakala ya mipangilio nje ya kompyuta hiyo.

4. Jaribu kwanza katika kompyuta ya aina ile ile iliyo karibu nawe.

5. Chagua saa isiyo ya kazi, na awepo mtumishi karibu na mashine, mwenye simu, skrini na kibodi.

6. Washa upya, kisha soma ujumbe wa mfumo unaotaja namba ya maikrokodi ya zamani na mpya. Ziandike katika daftari pamoja na tarehe.

7. Yakitokea matatizo, ondoa programu jalizi na uwashe tena. Prosesa itarudia maikrokodi iliyomo katika BIOS.

Ni kweli kwamba ukutamoto usioendesha programu za watu wengine una hatari ndogo kuliko kompyuta inayotumiwa na wengi, kwani kasoro nyingi za prosesa humhitaji adui aendeshe programu yake humo. Hata hivyo, baadhi ya masahihisho huzuia mashine kukwama, na mlango uliokwama ni hasara kwa kila anayengoja huduma.

Wasimamizi wote wanaombwa kuliweka daftari hilo mahali ambapo atakayewarithi kazi ataliona.