Msitu Uliopandwa kwa Ajili ya Kaizari

Mgeni ashukaye katika stesheni ya Harajuku, mjini Tokyo, huona upande mmoja maduka yaliyojaa vijana, na upande wa pili msitu mnene. Akipita chini ya lango kubwa la mbao liitwalo torii, makelele ya mji hupungua, na njia pana ya kokoto humwongoza mpaka Meiji Jingu, hekalu la Kaizari Meiji wa Japani. Wageni wengi hudhani kwamba msitu huo ni wa kale, na ya kuwa mji ulikuja baadaye ukauzunguka. Sivyo. Ulipandwa kwa mikono ya watu yapata miaka mia moja iliyopita, mahali ambapo sehemu kubwa ilikuwa mashamba na nyasi tupu.

Kaizari Meiji alizaliwa mwaka 1852, akarithi ufalme mwaka 1867 angali kijana wa miaka kumi na minne. Katika siku zake utawala wa majemadari wa ukoo wa Tokugawa ulikoma, mji wa Edo ukaitwa Tokyo, reli ya kwanza ikafunguliwa mwaka 1872, na katiba ikatolewa mwaka 1889. Katika siku hizo hizo Japani ilipigana na China na Urusi, ikatwaa Taiwan mwaka 1895 na Korea mwaka 1910. Kwa hiyo si kila taifa la upande ule limkumbukalo kwa furaha. Alifariki tarehe 30 Julai 1912, akazikwa Kyoto. Watu wa Tokyo, ambao walitaka kaburi liwe kwao, wakaomba wapate hekalu badala yake. Mkewe, Shoken, alifariki mwaka 1914, naye huheshimiwa humo pamoja na mumewe.

Huenda msomaji akauliza, yawezekanaje mwanadamu kuabudiwa? Katika dini ya Shinto neno kami halina maana ya Mungu Mmoja aliyeumba vyote. Mlima waweza kuwa na kami, na mto, na mti mkubwa. Mtu aliyetenda mambo makuu naye huweza kuhesabiwa miongoni mwao baada ya kufa. Aendaye kuomba hunawa mikono na kusukutua kinywa, huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, kisha huinama tena mara moja.

Basi, hekalu la Shinto halikamiliki bila miti, na hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Waziri Mkuu Okuma Shigenobu alitaka mierezi mirefu, kama ile ya hekalu la Nikko, kwani kwa macho yake miti ya majani mapana ilikuwa vichaka tu, visivyomstahili Kaizari. Mtaalamu wa misitu Honda Seiroku alikataa. Alilinganisha ukuaji wa mierezi ya Tokyo na ile ya Nikko, akaonyesha kwamba ardhi ya Tokyo haiifai, na kwamba moshi wa viwanda na magari ya moshi ungeidhoofisha. Si jambo dogo mtumishi kumpinga mkubwa wake kwa hesabu za pete za mti, lakini Okuma alikubali.

Honda na wenzake, Hongo Takanori na Uehara Keiji, walichora picha nne za msitu: siku ya kupandwa, na jinsi utakavyokuwa kwa hatua mpaka utimize miaka 150. Misonobari mikubwa ingesimama juu, chini yake miti ya jamii ya mierezi ikuayo upesi, na chini kabisa miche ya mialoni na miti ya kafuri. Hii ya chini huvumilia kivuli. Ile ya juu ingekufa polepole na kuiachia nafasi, na watoto wake wangeota wenyewe bila kupandwa. Hakuna hata mmoja wa wale watatu aliyetarajia kuiona picha ya mwisho.

Miti kama 100,000 ilitolewa na watu kutoka pande zote za nchi, na hata kutoka Taiwan na Korea zilizokuwa chini yake, na vijana wapatao 110,000 walijitolea kufanya kazi. Hekalu lilifunguliwa tarehe 1 Novemba 1920. Sharti moja kubwa latunzwa hata leo: majani yafagiliwayo njiani hayachomwi wala hayatupwi, bali hurudishwa chini ya miti yawe mbolea.

Mwezi wa Aprili 1945 mabomu ya moto ya ndege za Marekani yaliteketeza majengo makuu ya hekalu. Msitu kwa sehemu kubwa ulisalimika, kwa kuwa miti ya majani mabichi mwaka mzima haishiki moto upesi. Majengo yalisimamishwa tena mwaka 1958 kwa michango ya watu. Uchunguzi uliofanywa karibu na mwaka wa mia ulikuta katika eka 170 hivi aina karibu 3,000 za mimea na wanyama, na kipanga wenye viota.

Hekalu lina pia bustani ya nje, mbali kidogo na msitu. Humo kulijengwa uwanja wa michezo ambamo Wilson Kiprugut alipata medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki, ya shaba, mwaka 1964. Uwanja ule ulibomolewa mwaka 2015, na mwingine ukajengwa pale pale. Mwaka 2024 miti ya bustani hiyo ya nje ilianza kukatwa ili pajengwe viwanja vipya na majumba marefu, na watu wengi wakalalamika. Mwanamuziki Sakamoto Ryuichi alikwisha kumwandikia gavana wa Tokyo kupinga mpango huo, majuma machache kabla ya kufa kwake Machi 2023. Hekalu lenyewe ni mmoja wa wenye mpango. Tangu Desemba 1945, serikali ilipotengwa na mahekalu, halipati fedha za serikali, nalo husema kwamba mapato ya viwanja vya bustani ya nje ndiyo yautunzayo msitu wa ndani.