Unahama Nyumba, Kazini Kuna Tetesi za Kupunguzwa: Hatua za Kuchukua

Tetesi za kupunguza wafanyakazi huwakuta wengine wakiwa wameshamuaga mwenye nyumba wa zamani, wamemlipa dalali, na vyombo vimeanza kufungwa kwenye maboksi. Katika miji kama Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, ambako wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi mitatu, sita au mwaka mzima kwa mkupuo, akiba ya miaka huondoka kwa siku moja. Ikiondoka wiki ileile ambayo ajira inayumba, familia nzima hutikisika.

Makala hii inamhusu mfanyakazi wa sekta binafsi Tanzania Bara. Katika hali hiyo zipo karatasi mbili ambazo hofu humsukuma mtu azisaini haraka: mkataba wa pango unaomzidi uwezo, na barua ya kuacha kazi “kwa hiari”. Zote mbili zikisainiwa kwa pupa, hasara yake ni ya muda mrefu.

Kama hujalipa kodi

Usione aibu kusimamisha mpango. Mpigie simu mwenye nyumba unayotaka kuihama umuulize kama amekwisha kupata mpangaji. Kama bado, omba uendelee kukaa mwezi mmoja au miwili, na makubaliano hayo yaandikwe. Kama huna budi kuhama, omba kulipa miezi mitatu badala ya sita, hata kama kwa mwezi utalipa zaidi kidogo. Fedha inayobaki mkononi ndiyo itakayolisha watoto mshahara ukikatika.

Kabla ya kusaini, omba kiongezwe kifungu kimoja: “Mpangaji akipoteza ajira anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja, na kodi ya miezi ambayo haijatumika itarejeshwa.” Akikataa kurejesha fedha, omba kibali cha maandishi cha kumleta mpangaji mwingine amalizie muda wako. Mkataba usipotaja lolote kuhusu kurejesha kodi, kuidai baadaye ni kazi ngumu.

Kama umekwisha kulipa

Hamia. Kodi iliyolipwa ni paa la uhakika kwa miezi hiyo, na kuuvunja mkataba kwa sababu ya tetesi ni kupoteza fedha mara mbili. Punguza gharama nyingine: mapazia mapya, sofa za mkopo na rangi ya ukuta vinaweza kusubiri. Kabla hujapokea funguo, nunua umeme kidogo kwa namba ya mita ya nyumba hiyo uone kama kuna deni la Luku linalokatwa, uliza bili ya maji ya mwisho, kisha elewaneni kwa maandishi nani atalipa madeni hayo.

Kazini: usijiuzulu kwa kubembelezwa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kuhusu namna ya kuepusha au kupunguza idadi ya watakaoondoka, vigezo vya kuwachagua, muda na malipo yao. Kikao cha dakika kumi cha kugawa barua si mashauriano. Mkiitwa, nenda, uliza vigezo, na uandike kilichosemwa pamoja na tarehe.

Ukiambiwa “andika barua ya kuacha kazi, tutakumalizia vizuri”, omba muda wa kufikiri na uonane na chama chako cha wafanyakazi au mwanasheria. Kiinua mgongo cha kisheria hulipwa pale mwajiri anapositisha ajira. Vilevile fao la kukosa ajira la NSSF halimhusu aliyejiuzulu mwenyewe. Kwa mwanachama aliyepunguzwa, mwenye michango isiyopungua miezi 18 na aliyetimiza masharti mengine ya mfuko, fao hilo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Chunguza sasa kama michango yako imepelekwa yote, usisubiri siku ya kuondoka.

Piga hesabu ya haki zako

Mwajiri anapopunguza wafanyakazi, anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28, au malipo badala yake. Anastahili pia mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hakuichukua, cheti cha utumishi, na kiinua mgongo iwapo amefanya kazi mfululizo kwa miezi 12 au zaidi. Kiwango cha chini cha kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, na hesabu hiyo huishia miaka kumi.

Chukua mfano wa mtu anayefanya kazi siku sita kwa wiki, mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 780,000 na miaka sita kazini. Gawa kwa siku 26: anapata 30,000 kwa siku. Zidisha kwa siku saba, kisha kwa miaka sita: kiinua mgongo ni shilingi 1,260,000. Linganisha kiasi chako na kodi, chakula na ada za shule, ujue kitakusogeza miezi mingapi.

Lipo jambo linalogusa kuhama moja kwa moja. Kama uliajiriwa Mwanza ukapelekwa kufanya kazi Dar es Salaam, mwajiri anayekuachisha ana wajibu wa kukusafirisha pamoja na mizigo yako hadi mahali ulikoajiriwa, au kukulipa gharama hizo. Usikodi lori kwa fedha yako kabla ya kudai haki hiyo.

Bahasha isipande gari la mizigo

Siku ya kuhama, karatasi hupotea kirahisi kuliko sufuria. Weka kwenye bahasha moja mkataba wa ajira, barua za kupandishwa cheo, hati za mshahara, taarifa ya NSSF, kitambulisho cha taifa, mkataba wa pango na risiti za kodi. Bahasha hiyo isipakiwe kwenye kirikuu pamoja na magodoro, ibebe mwenyewe. Piga picha kila ukurasa uzihifadhi kwenye simu na kwenye barua pepe yako binafsi, kwa sababu ile ya kazini inaweza kufungwa siku yoyote. Kisha ijulishe ofisi ya utumishi anwani yako mpya, ili barua isiishie kwenye nyumba uliyoihama.

Madeni na familia

Mweleze mwenzi wako ukweli mapema, maana matumizi ya kuhama hupungua pale wawili wanapojua hali halisi. Nenda benki au SACCOS ukaulize kuhusu kupanga upya marejesho kabla hujakosa rejesho hata moja. Kaa mbali na mikopo ya kausha damu: riba yake humaliza kiinua mgongo kabla hakijaingia mkononi.

Ukipewa barua

Ukitakiwa kuthibitisha kwamba umeipokea, andika “nimepokea” na tarehe, usiandike “nimekubali”. Kama unaona umeachishwa isivyo halali, peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu namba 1 ndani ya siku 30 tangu ajira ilipositishwa. Siku hizo hazisimami kwa sababu bado unapanga vyombo. Ukichelewa utalazimika kuomba kuongezewa muda na kutoa sababu nzito. Kwa hiyo tenga siku ya kwenda CMA kabla ya kumaliza kufungua maboksi: nyumba inaweza kusubiri kupangwa, madai yako hayawezi.